Baba Neema, Mazimwi Yako Yamegawiwa

Baba Neema,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikuwepo walipokushusha. Na usidhani nakuandikia kwa sababu nimekukumbuka, ingawa nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu nina hasira na wewe, na mtu niliyezoea kumwambia hasira zangu ni wewe huyohuyo.

Kwanza habari za nyumbani. Bado tupo hapa Johannesburg, Malvern, chumba kilekile cha uani, nyuma ya Jules Street. Cherehani yangu bado iko dirishani kwa yule mama wa mapazia, na watu bado wananiletea suruali za kupunguza, jana usiku wamenunua, leo asubuhi wanazitaka. Mwaka huu wa 2019 kulikuwa na fujo tena. Maduka ya wageni yalivunjwa, sisi tukafunga mlango tukakaa ndani, na Neema akaniuliza kama na sisi ni wageni. Nikamwambia amalize ugali wake. Amepandishwa darasa. Kiingereza na Kizulu anavimwaga kama maji. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, vilevile ulivyomwacha. Kiti chako cha kunyolea kule Kensington amepewa kijana wa Kirundi. Ananyoa vizuri, watu wanamsifu. Nimekuambia makusudi ili uumie kidogo.

Ubao ule uliopigilia ukutani juu ya kitanda chetu, sasa naweka vitambaa vya wateja. Mazimwi yako hayapo. Yamegawiwa yote, kasoro moja nitakalokueleza. Siku yalipobebwa sikusema neno, na moyoni nilisema afadhali, maana miaka mitatu nilikuwa nalala chini ya yale macho makubwa ya plastiki, nakuomba uyatoe, unageukia ukutani unajifanya umelala. Ni baadaye sana nilipojua walichobeba ni kitu gani. Na sikujua kutoka kwako. Hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Unakumbuka ilivyoanza? Ilikuwa 2015, Neema bado anabebwa. Ulitupeleka kwenye lile jumba kubwa la maduka, na mlangoni mwa ukumbi wa michezo ya watoto palikuwa na sanduku la kioo limejaa midoli laini ya manyoya. Unatia sarafu, unasukuma kishikio, mkono wa chuma wenye kucha tatu unashuka na kujaribu kunyakua mdoli mmoja uudondoshe kwenye shimo. Mwenye ukumbi alikuwa analeta midoli ya Kijapani, mashujaa wenye kofia za kung'aa na mikanda mipana, na mazimwi wanayopigana nayo. Mimi nilidhani unamchezea mtoto. Mtoto akasinzia begani kwangu, miguu ikaniuma, wewe bado umeinama mbele ya kioo, ulimi nje.

Tangu siku hiyo kila siku yako ya mapumziko ilikuwa ya lile sanduku. Wakusanyaji wengine walikuwepo, vijana wa pale pale, nao walitaka mashujaa. Wewe ukipata shujaa ulimgawa kabla hujafika mlangoni, au ulibadilishana nao, shujaa kwa zimwi, nao walikuona mjinga mzuri aliyeletwa na Mungu. Nyumbani kwetu shujaa hakuingia hata mmoja. Yaliingia mazimwi tu, na kwa kuwa wewe hukuyapa majina, niliyapa mimi. Mzee Kambale, mwenye masharubu na tumbo la kijani. Bi Mapembe. Kichwa-Sufuria. Lile la vichwa viwili nililiita Wakwe. Ulikuwa unacheka, lakini ukiniona nalishika lolote kwa mkono wenye mafuta ulikuwa unalichukua taratibu na kulirudisha ubaoni. Vile vikaratasi vya chapa vilivyoning'inia masikioni mwao ulivifunika kwa nailoni visichanike. Mbele ya wageni nilikuita Baba Mazimwi, na wageni wakacheka, na wewe ukacheka nao.

Sitaomba msamaha kwa kucheka. Mtu anacheka kile anachoonyeshwa.

Kuna siku moja zimwi jekundu lilikuwa limekaa ukingoni kabisa mwa shimo, hata ungepiga chafya lingedondoka. Nikakuambia chukua hilo twende, mtoto ana njaa. Ukasema, "Huyu anasimama, hana shida." Ukaenda kuhangaika na lingine lililolala kifudifudi chini kabisa, limefunikwa na wenzake, kucha zinaligusa mgongo zinateleza, zinaligusa zinateleza. Kila mara ilikuwa hivyo. Hukutaka aliyekaa wala aliyesimama, ulitaka aliyelala uso chini. Na ulipofanikiwa uliingiza mkono kwenye kile kimlango, ukamtoa, ukampigapiga mgongoni na kumwambia kwa Kiswahili chenu cha Kongo, cha kule Uvira, "Amuka, mchezo imeisha."

Kila mara. Kila zimwi. Nilidhani ni mzaha wako.

Mwaka jana ulianguka. Ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa, na mashine ya kunyolea iliendelea kunguruma sakafuni mpaka mtu akachomoa waya. Mteja aliondoka na nusu ya kichwa. Wakasema ni presha. Wenzako wa saluni wakaniambia siku zile zote ulikuwa unashika ukuta na kuwaambia ni usingizi. Mimi nyumbani uliniambia ni baridi. Hata kufa ulikufa kwa kunificha.

Shangazi yako Feza akaja kutoka Mayfair, ng'ambo ya mji, akaacha meza yake ya vitenge, akashika msiba wote mkononi. Simlaumu kwa hilo, bila yeye usingezikwa kwa heshima. Lakini mimi niliwekwa kwenye godoro sakafuni, mjane, nisisimame ovyo, nisipike, nisijibu swali mpaka lipitie kwake. Kwetu Kigoma tuna desturi zetu, ila hakuna aliyeziuliza. Nilikuwa "yule Mutanzania", hata baada ya kukuzalia.

Kesho yake baada ya mazishi akasimama katikati ya chumba, akasema, "Kila kitu yenye ilishika jasho yake inafuliwa, halafu inagawiwa ndugu. Isibaki kwa nyumba, atarudi kuitafuta." Wakakusanya mashati, suruali, shuka, hata kitambaa chako cha kufutia shingo za wateja. Kisha akainua macho ubaoni.

"Na hizi nyama?" akauliza, maana kwenu mnyama ni nyama.

Mtu mmoja akasema ulikuwa unalala nazo. Shangazi akafikiri kidogo. "Basi ziko na jasho yake."

Ungekuwepo ungejibu nini? Kwa desturi yenu alikuwa sahihi kabisa. Wanawake wa kanisa wakapanga mabeseni uani, wakayatia mazimwi yako pamoja na nguo, na vile vikaratasi wakavikata kwa wembe kwa sababu havifuliki. Wakasugua kwa nguvu zote, kwa upendo, wakiimba. Kutoka kwenye godoro niliiona kamba yote kupitia mlangoni. Shati lako la harusi, kaptura, Bi Mapembe amebanwa kwa masikio, soksi, Kichwa-Sufuria, Wakwe wananing'inia vichwa chini wanadondosha maji ya rangi. Gogo, yule bibi wa Kizulu wa chumba cha mbele, akapita na ndoo yake, akasimama, akaniuliza dirishani, "Hawu! Nao hawa ni wa familia?"

Nikacheka. Mjane, juu ya godoro, mbele ya kwaya, nikacheka mpaka machozi. Shangazi akanipa jicho ambalo hajaliondoa hadi leo.

Siku ya kumaliza matanga kila ndugu alipewa nguo yako moja na zimwi moja. Waliotaka na wasiotaka. Shemasi aliondoka na Wakwe chini ya kwapa moja na Biblia chini ya la pili. Mimi sikupewa kitu, mke hapewi. Neema kama mtoto wa marehemu alipewa Mzee Kambale, akamkumbatia akiwa bado ana unyevu. Harufu yako haikuwepo tena popote, wala kwenye mto, wala kwenye koti. Chumba kizima kilinuka sabuni, nami nikalala peke yangu chini ya ubao mtupu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe.

Miezi ikapita. Jumapili moja baada ya ibada mama yako akapiga simu kutoka Uvira, kama kawaida yake, kumsikia Neema, ambaye alisema "hello Bibi" na kukimbia. Mama alikuwa mnyonge siku hiyo, nikataka kumchekesha. Nikamsimulia mambo ya mazimwi, kwamba mwanawe alikuwa mzee mzima na midoli ukutani, kwamba Shangazi aliyafua na kuyaanika. Akacheka kidogo. Nikaona inafaa, nikaongeza, nikaigiza sauti yako. Nikamwambia, "Tena Mama, kila akilitoa shimoni analipiga mgongoni, analiambia: amuka, mchezo imeisha."

Nikadhani mtandao umekatika. Nikaita, Mama, Mama. Kisha nikasikia analia, kile kilio cha watu wazima ambacho hakina sauti, pumzi tu.

Baba Neema, uliniambia wewe ni kifungua mimba. Ulitambulishwa hivyo siku ya harusi yetu, mbele ya watu, na Shangazi Feza akiwa amekaa pale pale akipiga makofi. Kumbe ulikuwa na kaka. Kumbe anaitwa Bahati. Nimekaa na wewe miaka yote ile, nimekuzalia, nimekuosha ulipougua malaria uliyorudi nayo safarini, sikuwahi kulisikia jina hilo hata katika ndoto zako.

Mama yako akanisimulia. Kwamba mtaani kwenu kulikuwa na nyumba yenye jenereta na video, na mtu wa kufafanua filamu kwa Kiswahili, na watoto wote mlikuwa mnakwenda kuangalia Wajapani wanapigana na mazimwi. Kwamba mkirudi mlicheza uani. Bahati alikuwa mkubwa, ilikuwa haki yake kuwa shujaa, lakini wewe ulilia kila mara, basi akakuachia. Kila siku yeye alikuwa zimwi, amejifunga kitenge cha mama kiunoni kikawa mkia. Ukimpiga ngumi moja anaanguka kifudifudi, anatetemesha miguu, anatulia. "Alikuwa anakufa muzuri kupita batoto bote ba mutaa," mama akaniambia, na sauti yake ilikuwa na majivuno, mpaka leo. Alikuwa haamki mpaka wewe uje umpige mgongoni useme maneno yale. Chakula kingepoa, mama angeita, asingeamka. Mpaka uyaseme wewe.

Kisha ikaja ile siku ya kukimbia. Mama hakunieleza risasi zilitoka kwa nani, na sikumwuliza. Alisema tu kwamba mlikuwa barabarani na watu wengi, Bahati mbele amebeba mkeka kichwani, akaanguka. Kifudifudi. Watu wakampita. Wewe ukauponyoa mkono wako kutoka kwa mama ukarudi, ukachuchumaa, ukampiga mgongoni ukamwambia. Hakuamka. Ukamwambia tena. Mama akasema ulikuwa umekasirika, ulidhani anauzidisha mchezo. Ukakaa chini kumsubiri. Ikabidi mama akurudie, akuvute kwa nguvu, akakutegua bega.

Bega lile la kushoto, Baba Neema. Lile nililokuwa nalikanda kwa mafuta kila baridi ya hapa Johannesburg ilipoingia. Uliniambia ulianguka kutoka kwenye mpera. Ukanieleza hata mpera wenyewe ulivyokuwa, tawi gani, mapera yake mekundu ndani. Nilikuonea huruma ya mpera ambao haukuwepo.

Mama akasema tangu siku ile hukulitaja tena jina la Bahati, na wao wakaogopa kulitaja mbele yako, na miaka ikaenda, wakadhani umesahau, ulikuwa mtoto wa meno ya maziwa. Wakakuacha uwe kifungua mimba. Akaniuliza mimi, "Kwako hata siku moja hakusema?" Nikamjibu hapana, na nikaona haya, kana kwamba ni mimi niliyefichwa kitu kwa sababu sikustahili.

Sasa najua kwa nini hukutaka shujaa alale nyumbani mwetu. Shujaa alikuwa wewe. Umejichukia kwa kazi ya mtoto wa miaka michache, mjinga wewe, mpumbavu wangu, ungeniambia ningekupiga mgongoni mimi mwenyewe. Ningelala chini ya macho yale bila kunung'unika. Ningemwita Bahati badala ya Mzee Kambale. Ungenipa nafasi moja tu niwe mke wako kweli, si mtu wa kukupikia na kukukanda bega la uongo. Una habari inavyouma kujua kwamba kioo na mkono wa chuma vilijua siri yako kuliko mimi? Sanduku la kuchezea watoto! Ulikuwa unaliinamia kwa heshima, na mimi nyuma yako nimebeba mtoto, nauliza tutaondoka lini.

Nikataka kuyarudisha. Yote. Niliazimia kabisa. Nikamwendea Shangazi Mayfair, nikasimama mbele ya meza yake, sikumwambia sababu, nikasema tu Neema anayalilia. Hakuinua macho kutoka kwenye kitenge alichokuwa anakikunja. "Kitu ya marehemu hairudi nyuma. Ukiirudisha, unamuita mwenyewe." Akaongeza kwamba nikienda kuomba nyumba kwa nyumba, watu watasema nataka kuwaletea kifo. Na ni kweli, wangesema.

Basi nikajaribu kwa ujanja. Nikaenda Kensington kwa Mama Esperance, yule wa kwaya, aliyepewa Bi Mapembe. Nilijifanya nimepita kumsalimu. Akanifurahia, akanikalisha kwenye kiti chake kizuri, akaleta chai ya maziwa na maandazi. Tukaongea habari za kanisa, tukaongea bei za nyuzi, na mwisho nikauliza kama utani, hivi lile zimwi la Baba Neema lipo?

"Ile nyama ya Wajapani? Aa, mama, niliipasua! Iko na pamba ya muzuri, hata ukiifua haishikane. Si njo hiyo unaikalia."

Nilikuwa nimemkalia shemeji yangu. Nikanywa chai yote. Nikasema chai ni tamu. Nilipofika nje nikashika ukuta wa duka la mtu, na nadhani hivyo ndivyo ulivyokuwa unashika wewe. Sikwenda kwa mwingine. Nasikia la Shemasi liko kwenye teksi ya mkwewe, limefungwa mbele ya kioo. Moja, aliyepewa aliliogopa, akaliacha kwenye robot, zile taa za barabarani za Jules Street, juu ya pipa, na kabla taa haijabadilika mtu alikuwa ameshalichukua. Yako mjini, Baba Neema, yametawanyika, na hakuna anayejua anayemlea ni nani.

Nilikwenda mpaka kwenye ule ukumbi. Ndiyo, mimi. Sanduku bado lipo mlangoni, lakini midoli ya Kijapani imekwisha, sasa ni dubu wekundu walioshika mioyo. Nikamwona mmoja amelala uso chini. Nikatia sarafu, nikasukuma kishikio unavyosukuma wewe, ule mkono ukashuka, ukamshika, ukamwinua kiasi cha kiganja, ukamwachia. Nikatia tena. Ukamwachia tena. Kijana aliyekuwa anafagia akaniambia, eish, mama, hizo kucha zimelegezwa makusudi, zikishika vizuri tajiri atakula wapi? Nikamwuliza kama mume wangu alilijua hilo. Akasema kila mtu analijua. Basi ulijua. Ulijua kwamba hazishiki, na kila mapumziko ulirudi. Nilirudi Malvern kwa miguu, sikutaka kukaa karibu na mtu kwenye teksi.

Nilikuwa nimeamua nisimwambie Neema. Hilo nikuambie ukweli. Nilisema huyu ni mtoto wa hapa, hana kosa, anaamini dunia ni shule na chipsi na wenzake wa uani, kwa nini nimtwike barabara ya Uvira? Mama yako alinyamaza, Shangazi alinyamaza, wewe ulinyamaza mpaka moyo ukapasuka, na mimi nilikuwa naingia kwenye foleni hiyohiyo. Nilishajipanga kwa heshima kabisa.

Jumapili iliyopita nilikuwa nashona nyumbani kwa mkono, gauni la kipaimara la mtoto wa mtu. Neema alikuwa sakafuni na Mzee Kambale, ambaye kwa kufuliwa amebaki na sharubu moja. Alikuwa anamrusha juu, anaanguka, anamrusha. Kisha akamlaza kifudifudi juu ya mkeka, akamvuta mikono ikae sawasawa, akachuchumaa. Akasubiri kidogo. Akampiga mgongoni taratibu, akasema:

"Amuka, mchezo imeisha."

Mtoto asiyeongea Kiswahili. Akasema kwa Kiswahili cha Uvira, sauti yako tupu, hata namna yako ya kuivuta ile "amuka". Sindano ikaniingia kidoleni, gauni la watu likapata doa. Nikamwuliza nani kakufundisha. Akaniangalia kama ninayeuliza nani kakufundisha kula. Akajibu kwa Kiingereza chake kwamba ni Daddy, kwamba ndivyo inavyofanywa, kwamba Daddy alisema lazima uwaambie, usipowaambia watabaki wamelala kwa sababu hawajui kwamba mchezo umekwisha.

Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza hichohicho, "Mama, Daddy alikuwa anamwambia nani?"

Kumbe mtoto aliona. Mimi nilisimama nyuma yako miaka mitatu nikaona mdoli, yeye akiwa begani kwangu akaona kwamba unaongea na mtu.

Nikamwambia aoge kwanza. Nimejipa wiki hii nikuandikie, nitoe hasira, nisimmwagie yeye. Kesho ni Jumapili tena. Nakuahidi, Baba Neema, na ahadi hii siiombei ruhusa kwako wala kwa Shangazi: kesho tukirudi kanisani nitamkalisha Neema kwenye mkeka ule, nitampigia simu mama yako aweke sauti juu, na tutamwambia. Kwa Kiswahili, pole pole, na atakapokwama nitamtafsiria. Atajua kwamba babake hakuwa kifungua mimba. Atajua alikuwepo mtu anaitwa Bahati aliyekubali kuanguka kila siku ili mdogo wake asilie. Atalitaja jina hilo nyumbani mwangu kwa sauti, na nitaliandika kwa uzi kwenye tumbo la Mzee Kambale, na atakayesema ninaita kifo aje aniambie mlangoni.

Wewe bado nimekukasirikia. Usidhani kwa kuwa naahidi nimekusamehe. Ningependa ufe tena, safari hii umeniambia.

Kaburini sikusema kitu, Shangazi alisema mjane asifungue mdomo. Na hata sasa maneno yenu yale sikuambii. Nilimsikia mama akieleza ulivyoyasema barabarani na ulivyokaa chini ukasubiri, na mimi sina nguvu ya kusema nikasubiri. Nina mtoto wa kulea na gauni la watu la kutoa doa.

Kwaheri, mume wangu. Lala. Lakini kama huko mliko kuna namna ya kuonana, mtafute. Ukimkuta bado amelala kifudifudi, usikasirike naye. Amekungoja siku zote hizi uje umwambie.

Ni mimi,
Mama Neema